Kisahani Kinachoruka cha Jeshi la Marekani Kilichogoma Kupaa

Ukitaja visahani vinavyoruka, watu wengi wanawaza viumbe wa sayari nyingine. Ila kuna kimoja hakikutoka mbali. Kilitengenezwa Kanada, kwenye kiwanda cha Avro karibu na Toronto, na hela zilitoka kwa jeshi la Marekani.

Ilikuwaje? Enzi za Vita Baridi hofu ilikuwa kwamba vita ikilipuka, viwanja vya ndege ndio vitapigwa kwanza. Sasa ndege itarukia wapi? Mhandisi mmoja Mwingereza pale Avro akaja na jibu: ndege ya duara, inayopaa wima kama helikopta halafu inachanja mbuga kama jeti. Serikali ya Kanada ilianza kumfadhili, ikaona mzigo ni mzito, ikajitoa. Wamarekani wakadaka.

Kwenye makaratasi ilikuwa balaa. Nyaraka za siri za Mradi 1794, zilizowekwa wazi mwaka 2012, zilitaja kasi ya zaidi ya mara 3 ya sauti na urefu wa kilomita 30 angani!

Kabla ya kufika huko, kikaundwa kidogo cha majaribio, Avrocar, chenye upana wa mita 5.5. Injini 3 za jeti zilizungusha feni kubwa katikati, upepo ukatolewa pembeni na kusukumwa chini.

Wakati huo Avro ilikuwa na msiba wake. Februari 20, 1959 serikali ya Kanada ilifuta mradi wa ndege ya kivita ya Arrow, na wafanyakazi kama 14,000 wakapoteza kazi siku hiyo hiyo. Kisahani kikabaki miongoni mwa matumaini machache ya kiwanda.

Novemba 1959 kikaruka bila kamba. Mwanzo kilipendeza, ila kikizidi kama mita 1 kutoka chini kinaanza kuyumba kama sufuria inayozungushwa sakafuni. Kumbe kilichokuwa kinakibeba ni mto wa hewa uliobanwa kati yake na ardhi. Kikipanda, mto unavunjika. Nguvu nyingi ya injini ilikuwa inapotelea ndani kwenye mabomba, na joto likamchemsha rubani. Kasi yake? Kama kilomita 56 kwa saa. Bodaboda inakuacha hapo!

Walirekebisha, wakakipima hadi kwenye maabara ya NASA, wapi. Mwaka 1961 hela zikakatwa. Viliundwa viwili tu, na vyote vipo makumbusho Marekani, Ohio na Virginia.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Leo F-35B inatua wima ikisaidiwa na feni iliyofichwa tumboni, ila yenyewe ina kompyuta za kuituliza. Mhandisi yule hakuwa nazo.

Kwa hiyo siri iliyofungiwa miaka yote ile haikuwa ya viumbe wa ajabu. Ilikuwa ya ndoto kubwa iliyoshindwa kuvuka kiuno cha mtu. Je, vingapi vingine bado vimefungiwa makabatini?