Mipaka ya Tusi: Utani katika Mkoa wa Singida

Katika jadi ya makabila mengi ya Tanzania yako matusi yasiyohesabiwa kuwa kosa. Mtani aweza kumwita mwenzake mlafi, mwizi, hata mchawi, mbele ya hadhara, naye aliyetukanwa hana budi kucheka na kujibu. Akikasirika, yeye ndiye mkosefu. Leo baadhi ya wachekeshaji wa jukwaani hutafuta kicheko kwa kuwashtua na kuwaudhi wasikilizaji, na wengi huuliza kama mzaha una mpaka. Jibu tulilorithi limo katika utani.

Mkoa wa Singida ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huu. Humo wamekaa Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, Wakimbu, Wataturu na Wahadzabe, na upande wake wa kusini ulipitiwa na njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe. Katika karne ya 19, msafara uliokwisha kupita Ugogo uliingia Mgunda Mkali, nyika ya vichaka na kiu katika nchi ambayo sasa ni Manyoni na Itigi. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Hongo iliyotozwa na watemi wa Ugogo ilikuwa nzito, na maji yalikuwa haba. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mgeni alikuwa na mzigo, mwenyeji alikuwa na kisima. Ugomvi haukuwa mbali.

R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, alichapisha katika miaka ya 1940 habari alizozikusanya juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Chanzo chake kilielezwa kwa vita vya kale na kwa safari za biashara. Watu waliokwisha kupigana, au waliolazimika kukutana njiani mwaka hata mwaka, walihitaji namna ya kuishi bila kumwaga damu. Uhasama ukageuzwa mzaha, na lililokuwa likifichwa moyoni likasemwa waziwazi. Lakini haki hiyo ilifuatana na wajibu: kumlisha mtani akiwa safarini, kumwuguza, na kumzika akifia ugenini.

Wajibu huo huonekana zaidi msibani. Wafiwa wakilia, mtani huiga mwendo wa marehemu na kuyataja madeni yake. Pengine huingia kaburini, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Asiyeijua mila hushtuka. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe, akachota maji na kuwahudumia wafiwa. Kicheko chake huwapumzisha waliolemewa na huzuni, naye amekilipia kwa jasho.

Kadhalika utani una mipaka. Babu humwita mjukuu wake mke, na mjukuu humcheka babu kwa uzee wake, mkwe haguswi. Tena tusi hurudishwa: anayetania leo hutaniwa kesho. Neno «mchawi» kinywani mwa mtani ni kichekesho. Likitoka kwa asiye mtani, laweza kuua. Katika nchi za Usukuma na jirani zake vikongwe wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Neno ni moja. Lililotofautiana ni uhusiano wa msemaji na msemwaji.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya wapagazi ilipoteza kazi yake, lakini utani haukufa. Uliwafuata wananchi mashambani, migodini na mijini, na hata Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, na Simba, ya mwaka 1936, huitana watani wa jadi.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mzaha mkali ni jambo geni lililoletwa na jukwaa. Upya uliopo ni kwamba mchekeshaji huwatukana watu asiowafahamu, wasio na nafasi ya kumjibu, kisha huondoka na kiingilio chao. Kilema, mjane na maskini wakichekwa kwa namna hiyo, hakuna mtani aliyesema; amesema mwenye nguvu. Yawapasa vijana wanaoishika sanaa hii wajiulize, kabla ya kumtaja mtu, kama wao nao wako tayari kutajwa naye, na kama wangeshika jembe siku ya msiba wake.