Mwendeshaji na Mashine Yake: Theresa Wallach, Pikipiki za Zamani na Historia ya Ujuzi wa Barabarani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya Theresa Wallach (1909–1999), mhandisi Mwingereza aliyeendesha pikipiki tangu ujana wake hadi umri wa miaka 88. Kwa kufuatilia safari yake ya London hadi Cape Town ya mwaka 1934–1935, utumishi wake wa jeshini na kazi yake ya ualimu nchini Marekani, makala yanaonesha kwamba kudumu kwake barabarani kulitegemea zaidi ujuzi wa kuifungua na kuitengeneza mashine kuliko ujasiri peke yake. Yanaonesha pia kwamba ujuzi wa aina hiyo ulinusurika kwa sababu waendeshaji wenyewe waliutunza na kuuandika, ilhali viwanda vingi vilivyounda pikipiki hizo vilikwisha kufungwa. Mwishoni yanajadili maana ya historia hiyo kwa kanda ya Maziwa Makuu, ambako pikipiki za petroli zimeanza kuzipisha zile za umeme.

Utangulizi

Historia ya usafiri barani Afrika katika karne ya 20 imezoea kuhesabu reli, bandari na barabara kuu. Miundombinu hiyo ilijengwa na serikali na makampuni, kwa hiyo iliacha mafaili, ramani na taarifa za mapato. Pikipiki haikuacha nyaraka za kiasi hicho. Ilimilikiwa na mtu mmoja mmoja, ilitengenezwa uani au chini ya mti, na ilipochakaa vipuri vyake vilihamia kwenye pikipiki nyingine.

Hata hivyo, lugha imetunza sehemu ya kumbukumbu hiyo. Neno pikipiki, lililoenea Kenya na Tanzania, na neno tukutuku, linalosikika zaidi mashariki ya Kongo, yote mawili ni tanakali sauti. Yanaiga mipigo ya injini inayotengana, mmoja baada ya mwingine, kama inavyosikika katika mashine ya silinda moja inayozunguka polepole. Injini za namna hiyo ndizo zilizotawala miongo ya mwanzo ya chombo hiki. Msikilizaji wa leo anayetamka maneno hayo anatamka, bila kukusudia, sauti ya mashine za mababu.

Mashine ya aina hiyohiyo iliwabeba wanawake wawili Waingereza katika bara zima la Afrika, kutoka kaskazini hadi kusini, mwaka 1935. Mmoja wao, Theresa Wallach, aliendelea kuendesha kwa zaidi ya miaka 60 baada ya safari hiyo. Maisha yake yanatoa nafasi ya kuuliza swali ambalo takwimu za usajili wa vyombo haziwezi kulijibu: ni kitu gani humwezesha mtu kudumu na pikipiki maisha yake yote, na nini hubaki baada yake?

Mashine na zama zake

Pikipiki iliyotumika katika safari hiyo ilikuwa Panther, iliyoundwa na kampuni ya Phelon & Moore ya mji wa Cleckheaton, Yorkshire. Ilikuwa na injini ya silinda moja yenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 600. Silinda hiyo haikusimama wima. Ililazwa kwa mshazari na kuchukua nafasi ya bomba la mbele la fremu, hivyo injini yenyewe ikawa sehemu ya kiunzi cha pikipiki. Pistoni ilisafiri umbali mrefu ndani ya silinda na injini ilizunguka taratibu, ikitoa nguvu kubwa hata katika mwendo mdogo. Kwa sababu hiyo Panther ilipendwa na watu waliofunga kigari cha abiria ubavuni.

Kumiliki pikipiki ya wakati huo kulimlazimu mtu awe fundi kwa kiasi fulani. Nafasi za vali zilihitaji kupimwa na kurekebishwa mara kwa mara. Cheni ilihitaji kukazwa na kupakwa mafuta. Kichwa cha silinda kilifunguliwa ili kukwangua masizi, na ncha za kifaa cha kuwashia cheche zilisafishwa kwa mkono. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwendeshaji wa enzi hizo aliuishi usemi huo kila juma. Aliyepuuza mlio mdogo asubuhi aliweza kulala njiani usiku.

Mapenzi ya wazee kwa pikipiki za zamani hayawezi kueleweka nje ya kazi hiyo. Mtu aliyeifungua injini kwa mikono yake alijua kila boliti yake, akaitambua kwa mlio na harufu, na akajua kabla ya kuipiga teke la kuiwashia kama siku hiyo itakubali au itagoma. Kumbukumbu yake tamu ya pikipiki ni, kwa sehemu kubwa, kumbukumbu ya ujuzi wake mwenyewe.

Safari ya London hadi Cape Town

Wallach alizaliwa tarehe 30 Aprili 1909. Mwaka 1928 alipata ufadhili wa kusomea uhandisi katika Chuo cha Northampton Polytechnic jijini London, katika kipindi ambacho wanawake wachache sana walifungua milango ya karakana za vyuo. Alikuwa pia mshindani wa mbio za pikipiki. Mwenzake wa safari, Florence Blenkiron, alikuwa amekwisha kujipatia sifa katika uwanja wa mbio wa Brooklands, ambako mwaka 1934 alikuwa mwanamke wa kwanza kuuzunguka kwa pikipiki kwa kasi inayozidi maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160.

Waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934, Wallach akiwa na umri wa miaka 25. Panther yao ilikuwa na kigari cha ubavuni na ilivuta trela la mizigo nyuma. Hawakufuatana na gari la msaada, na waliingia katika jangwa la Sahara bila dira. Uvukaji wa jangwa hilo ulisimamiwa na mamlaka za Kifaransa, na wasafiri walihitaji idhini yake kabla ya kuingia.

Mchanga laini ndio uliokuwa adui wa kwanza. Pikipiki yenye magurudumu mawili ingeweza kuyumbishwa na kupenyezwa, lakini chombo chenye kigari na trela kilizama kwa uzito wake, na mara nyingi ilibidi kifukuliwe na kusukumwa. Adui wa pili alikuwa joto, ambalo lilidhoofisha mafuta ya injini na kuchosha vyuma. Hatimaye injini iliharibika katika sehemu ya kusini ya jangwa, na ikabidi ifunguliwe na kujengwa upya Agadez.

Tukio hilo ni kiini cha safari nzima. Ujasiri uliwafikisha jangwani, lakini haukuweza kuwatoa. Kilichowatoa ni kujua namna sehemu za injini zinavyoshikana, namna ya kutambua kilichovunjika, na subira ya kuirudishia kila sehemu mahali pake. Safari iliendelea kupitia misitu ya Ikweta, Afrika Mashariki na Rhodesia, na tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town. Ilikuwa imechukua siku 230.

Kwa mtafiti wa historia ya kanda hii, njia hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1935 barabara nyingi za bara zilikuwa za udongo, zikifungwa na mvua na kufunguliwa na kiangazi. Chombo kilichopita humo kilihitaji kuwa chepesi kutengenezwa kuliko kuwa chepesi kwenda. Sharti hilohilo ndilo lililokuja kuifanya pikipiki kuwa chombo cha wengi Afrika Mashariki na Kati miongo kadhaa baadaye.

Kutoka karakana ya jeshi hadi darasani

Mwaka 1939 Wallach aliuzunguka uwanja wa Brooklands kwa pikipiki ya Norton yenye ujazo wa sentimita za ujazo 350, akavuka kasi ya maili 100 kwa saa na kutunukiwa Nyota ya Dhahabu ya uwanja huo. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, alijiunga na utumishi wa jeshi la Uingereza, akafanya kazi ya ufundi na ya kupeleka barua kwa pikipiki. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo ya tarishi wa pikipiki katika jeshi hilo.

Baada ya vita alisafiri Marekani, Kanada na Meksiko kwa pikipiki kwa zaidi ya miaka miwili, akienda takriban maili 32,000, sawa na zaidi ya kilomita 50,000. Alijikimu kwa vibarua vya kila namna njiani. Mwaka 1952 alihamia Marekani na baadaye akafungua duka jijini Chicago lililouza na kutengeneza pikipiki za Kiingereza.

Hatua ya mwisho ya kazi yake ndiyo yenye uzito zaidi kwa washauri wa sera. Mwaka 1970 alichapisha kitabu cha mafunzo ya uendeshaji, *Easy Motorcycle Riding*. Mwaka 1973 aliuza biashara yake, akahamia Phoenix, Arizona, na kuanzisha shule ya uendeshaji wa pikipiki. Mtu aliyevuka Sahara angeweza kuishi kwa kusimulia Sahara. Wallach alichagua kufundisha wanaoanza namna ya kukaa, kugeuka na kufunga breki. Hakuwahi kumiliki gari. Aliendelea kuendesha hadi umri wa miaka 88, udhaifu wa macho ulipomlazimu kurudisha leseni, na alifariki tarehe 30 Aprili 1999, siku aliyotimiza miaka 90.

Nani alihifadhi kumbukumbu?

Wakati Wallach anafariki, kiwanda cha Panther kilikuwa kimefungwa tangu miaka ya 1960. Hakikuwa peke yake. Mwaka 1958 Honda ilitoa Super Cub, pikipiki ndogo ya sentimita za ujazo 50 iliyokuwa nafuu, safi na rahisi kuendesha; kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100 za jamii hiyo. Viwanda vya Uingereza, vilivyotegemea miundo ya kale na mitambo iliyochakaa, vilishindwa kukabiliana na ushindani. BSA ya Birmingham, iliyokuwa miongoni mwa waundaji wakubwa duniani, ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wafanyakazi wa Triumph huko Meriden walikikalia kiwanda chao mwaka 1973 na kukiendesha kwa ushirika tangu 1975, lakini mwaka 1983 nacho kikafungwa.

Viwanda vilipokufa, ujuzi uliokuwa ndani yake ulitafuta makao mengine. Klabu ya pikipiki za zamani iitwayo Vintage Motor Cycle Club, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946, ilikusanya vitabu vya mafundi, michoro na kumbukumbu za viwanda, zikiwemo za BSA na Triumph. Mambo ambayo makampuni hayakuyaona kuwa na thamani yaliokolewa na watu waliozipenda mashine zao. Njia nyingine ya kunusurika ilikuwa uhamisho wa uzalishaji. Royal Enfield ya Redditch ilianza kuunganishwa Madras mwaka 1955, na muundo wa Bullet ukaendelea kuishi India muda mrefu baada ya kiwanda mama kufungwa.

Kumbukumbu ya Wallach yenyewe ilikaribia kupotea. Simulizi lake la safari, *The Rugged Road*, lilichapishwa mwaka 2001, miaka miwili baada ya kifo chake na miaka 66 baada ya kuwasili Cape Town. Kama asingeliandika, historia ingebaki na tarehe mbili, ya kuondoka na ya kufika, na kila alichojua kuhusu injini, mchanga na njia kingezikwa naye.

Maana yake kwa kanda ya Maziwa Makuu

Katika Afrika Mashariki na Kati pikipiki imekuwa ajira. Usafiri wa bodaboda ulianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, na jina lake linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baadaye pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli, na leo Bajaj na TVS za India ziko katika kila mji na vijiji vingi. Waendeshaji wa kwanza sasa ni wazee. Wanajua barabara zilikuwaje, vipuri vilitoka wapi, na mafundi wa mtaani waligeuza vipi chuma cha kitu kimoja kuwa dawa ya kingine. Maarifa hayo yamo vichwani, na mengi hayajaandikwa.

Wakati huohuo mashine yenyewe inabadilika. Serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zitakazosajiliwa kwa ajili ya kubeba abiria jijini Kigali ziwe za umeme. Faida za hewa safi na gharama ya mafuta ziko wazi. Suala linalozuka kutokana na historia ya Wallach ni la ujuzi. Injini ya mwaka 1935 ilifunguka kwa spana. Betri na programu ya kompyuta hufunguka kwa ruhusa ya aliyeviunda. Fundi wa mtaani asiyepewa ruhusa hiyo atageuka mtazamaji, na mwendeshaji atakuwa mpangaji juu ya chombo anachokilipia.

Hitimisho

Maisha ya Theresa Wallach yanaunga mkono mapendekezo matatu. Kwanza, vyuo vikuu na mabaraza ya Kiswahili ya kanda yakusanye simulizi za waendeshaji na mafundi wakongwe kwa lugha wanayoizungumza, pamoja na istilahi zao za kazi, kabla kizazi hicho hakijaondoka. Pili, sera za pikipiki za umeme ziwahakikishie mafundi wa kawaida mafunzo, vipuri na maelezo ya kiufundi. Tatu, mafunzo ya uendeshaji yahesabiwe kuwa sehemu ya miundombinu, kama barabara yenyewe, kwa kuwa barabara nzuri haimlindi asiyejua kufunga breki.

Pikipiki za umeme hazina mlio wa piki-piki wala wa tuku-tuku. Majina yataendelea kutumika baada ya sauti zilizoyazaa kutoweka. Watafiti wa kanda wana muda, ingawa si mrefu, wa kuwauliza wazee waliozisikia sauti hizo walikuwa wakijua nini walipozisikia.