Presha Siyo Wingi wa Maji: Funzo la Makutupora

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara wa Kizota, kabla hujanunua mashine ya kuoshea pikipiki au trekta, kumbuka maji ya mji wetu yanatoka wapi.

Dodoma ilipotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, tayari ilikuwa ikivuta maji ya visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Vipimo vya kina cha maji huko vimetunzwa tangu miaka ya 1950. Vinaonyesha kwamba hazina ile hujazwa hasa na mvua kubwa za miaka michache, kama El Nino ya 1997 na 1998. Pampu husukuma maji tu, haiyazalishi. Ndiyo maana mji ulipokua, nguvu za pampu peke yake hazikutosha.

Mashine yako ni vivyo hivyo. Presha hupimwa kwa baa, wingi wa maji kwa lita kwa dakika. Presha hung'oa tope, wingi hulibeba. Mashine inayohitaji lita 8 kwa dakika ikipewa 5, hufyonza hewa, hutetemeka, na pampu yake hufa mapema.

Basi pima kwanza. Kinga ndoo ya lita 20 bombani. Ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 10 kwa dakika. Mashine hiyo inakufaa. Ikichukua dakika 4, ni lita 5 tu: jaza tanki lililoinuliwa, uvute maji kwa mpira mpana, au nunua mashine ndogo. Presha haitaleta maji ambayo bomba halina.