Kisumu: Bandari, Visiwa na Makarai ya Obunga

Kisumu uko kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria unaoingia ndani ya Kenya, kusini kidogo tu mwa ikweta. Mwishoni mwa karne ya 19 wakazi wa ukingo huu walikuwa Waluo, waliokuwa wakiishi kwa kilimo, mifugo na uvuvi. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilipita kaskazini zaidi, Mumias, na huko ndiko Waingereza walikoweka makao yao ya kwanza ya utawala wa eneo hili. Mwaka 1900 ofisa C. W. Hobley aliyahamishia Kisumu, kwa kuwa reli ilikuwa inakuja.

Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901. Kituo kiliitwa Port Florence, kwa jina la mke wa Ronald Preston, msimamizi wa utandikaji wa reli. Wakati huo ukingo huu wa ziwa ulikuwa bado sehemu ya Uganda, na ndiyo maana njia iliyoanzia Mombasa iliitwa Reli ya Uganda. Miezi michache baadaye, mwaka 1902, eneo hilo likahamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mji ukajikuta ndani ya nchi nyingine bila kusogea hata hatua.

Meli zilikuja vipande vipande. William Mackinnon ililetwa kutoka Uingereza ikiwa imefunguliwa, vyuma vyake vikachukuliwa na wapagazi kutoka pwani, nayo ikaunganishwa upya Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Pamba na kahawa ya Uganda ilivuka ziwa, ikapakiwa kwenye mabehewa Kisumu na kuteremka hadi Mombasa. Mwaka 1931 hata ndege zilitumia ziwa kama uwanja: huduma ya Imperial Airways kutoka London ilipofikia Kisumu, abiria walitoka Khartoum kwa ndege zinazotua majini.

Majengo ambayo mgeni huonyeshwa leo ni ya enzi hiyo. Msikiti wa Jamia ni wa mwaka 1919. Mnara wa saa katikati ya mji ulifunguliwa Agosti 1938 na gavana Robert Brooke-Popham. Uligharamiwa na wana wa Kassim Lakha, mfanyabiashara Mhindi wa madhehebu ya Ismailia, kwa kumbukumbu ya baba yao. Si ajabu kwamba mnara unamkumbuka mfanyabiashara wala si mkuu wa serikali, kwa kuwa biashara ya Kisumu ilikuwa mikononi mwa familia za Kihindi. Hata hivyo, wakati saa hiyo inawekwa, neema ya bandari ilikuwa imeanza kupungua. Reli ilikuwa imejengewa njia nyingine kupitia Nakuru na Eldoret, na mwaka 1931 ikafika Kampala, hivyo mizigo mingi haikuhitaji tena meli. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulizidi kuyaacha magati bila kazi.

Visiwa vya ziwa vina historia nyingine, kongwe kuliko reli. Rusinga ndiko Mary Leakey alikopata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, sokwe wa kale aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita, na huko huko ndiko alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 1969. Mfangano una michoro ya miambani. Ndere, kilicho karibu zaidi na Kisumu, kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1986.

Historia isiyowekewa kibao iko katika mtaa wa Obunga. Mji wa kikoloni ulikuwa na mpaka, na ndani yake Mwafrika aliruhusiwa hasa kama mfanyakazi. Nje ya mpaka ardhi ilibaki ya koo za Waluo, na wenyewe walijenga vyumba vya kupangisha. Hivyo ndivyo mji ulivyozungukwa na Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani. Mapema miaka ya 1970 mpaka ulipanuliwa na mitaa hiyo ikaingizwa ndani; mabomba na mitaro ya maji machafu haikuifuata kwa kasi hiyo.

Obunga, ulio jirani na eneo la viwanda, ulipata kazi yake kutokana na mbuta. Samaki huyu mkubwa alitiwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza na kuwamaliza samaki wengi wadogo wa asili. Viwanda vya Kisumu vilianza kumchuna: minofu iligandishwa na kupelekwa Ulaya, na kilichobaki, yaani kichwa, uti na mkia, kikauzwa kwa bei ya chini. Mabaki hayo yaliitwa mgongo wazi. Wanawake wa Obunga waliyanunua, wakayaanika juani, wakayakaanga katika makarai makubwa na kuyauza katika soko la Kibuye na mitaani. Wakaangaji hao wanajulikana kama mama karanga.

Kwa familia nyingi mgongo wazi ndio uliokuwa mbuta pekee wa kumudu, na hata huo uligombaniwa na wasagaji wa chakula cha kuku. Biashara ilitegemea kabisa maamuzi ya mbali. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa vipindi tofauti kati ya 1997 na 2000, viwanda vilipunguza kazi, na kiwanda kisipochuna minofu hakuna mgongo wa kuuza. Baadaye mbuta wenyewe wakapungua, na viwanda kadhaa vikafungwa.

Kisumu ulitangazwa kuwa jiji Desemba 2001, katika maadhimisho ya miaka 100 ya kufika kwa reli. Mwaka 2019, bandari ilipokuwa ikikarabatiwa, vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilivyokuwa ufukweni vilibomolewa. Mgeni wa Kisumu aliyeuona mnara wa saa na asifike Obunga ameiona nusu tu ya historia ya mji huu, tena ile nusu iliyo rahisi kupigwa picha.