Picha Moja, Iwe Mapema: Altrasaundi na Umri wa Mimba katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mjamzito asiye na tatizo anahitaji altrasaundi moja, na ipigwe kabla ya wiki ya 24. Hilo ndilo pendekezo la Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu mwongozo wake wa mwaka 2016, na lilipopitiwa upya mwaka 2022 halikubadilishwa: aliyekwisha kupata picha ya mapema hahitaji nyingine ya kawaida baada ya wiki hiyo. Jibu ni fupi, na katika mitaa ya Eastlands haliwaridhishi wengi. Mwenye bima huliona kama ubahili. Asiye na bima huona kwamba hata hiyo moja ni anasa. Hoja yangu ni kwamba wote wawili wanahesabu picha ilhali wangepaswa kuhesabu wiki. Altrasaundi hupata thamani yake kutokana na wakati ilipopigwa, na mazoea ya kuingoja hadi mwezi wa saba au wa nane huiondolea sehemu kubwa ya thamani hiyo, hata mama akipigwa tatu.

Eastlands si mtaa mmoja. Kuna Kaloleni, iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Kuna Buruburu ya tabaka la kati na Dandora ya viwanja vilivyogawiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zote za miaka ya 1970. Kuna Kayole, Umoja, Donholm, na maghorofa ya Pipeline yaliyobanana hadi jua halifiki chini. Hata hivyo, safari ya mjamzito wa kipato cha chini inafanana karibu kote. Kliniki huhudhuria kwenye kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu. Picha hutumwa kuipiga kwa mtu binafsi, kwenye jengo la maduka karibu na steji, kwa sababu vituo vingi vya afya havina mashine au vina mashine isiyo na wa kuitumia. Kujifungua huenda ikawa Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanzishwa mwaka 1926, au hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Ni sehemu tatu zisizozungumza. Kinachoziunganisha ni kitabu cha kliniki na bahasha ya picha, na mchukuzi wa vyote viwili ni mama mwenyewe.

Kwa nini picha huchelewa? Sababu ya kwanza ni kwamba kliniki yenyewe huchelewa. Wengi huianza mimba ikiwa na miezi minne au mitano, ingawa WHO hutaka ziara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Ya pili ni pesa, na hapa sioni haki ya kuwalaumu kina mama. Mtu anayejua kwamba atamudu picha moja tu, na kwamba bei yake ni sawa na chakula cha nyumba kwa siku kadhaa, ataitunza hadi karibu na kujifungua, wakati inapoweza kumwambia mtoto amekaaje, kama ametanguliza kichwa au matako, kondo liko wapi, na kama ni msichana au mvulana. Kwa hesabu ya nyumbani huo ni uamuzi wa busara. Kasoro yake haionekani nyumbani. Iko ndani ya mashine.

Mashine ya altrasaundi haijui umri wa mimba. Hupima urefu na upana wa viungo, kisha hulinganisha vipimo hivyo na jedwali la watoto wengine. Katika wiki 13 za kwanza ulinganisho huo unaaminika, kwa kuwa vijusi vyote hukua kwa mwendo unaokaribiana mno: urefu kutoka utosini hadi makalioni hutaja umri kwa kosa la siku tano hadi saba. Kadiri mimba inavyokomaa, urithi, lishe, malaria, presha ya mama na hali ya kondo huanza kuwatenganisha watoto. Baada ya wiki ya 28 kosa linafika wiki tatu, hata nne. Lakini karatasi inayotoka kwenye printa haionyeshi shaka hiyo. Inaandika umri kwa wiki na siku, pamoja na tarehe ya kujifungua, kwa uhakika uleule wa picha ya wiki ya kumi.

Tuchukue mama aliye na mimba ya wiki 34 ambaye hakumbuki vizuri hedhi yake ya mwisho, na ambaye mtoto wake amedumaa tumboni kwa sababu kondo halimlishi ipasavyo. Mashine inampima mtoto na kutoa jibu: wiki 31. Hakuna anayeshtuka. Tarehe ya kujifungua inasogezwa mbele wiki tatu, mtoto aliyekuwa wa kutiliwa wasiwasi anageuka kuwa mtoto wa kawaida wa mimba changa zaidi, na picha iliyolipiwa ili kugundua hatari ndiyo inayoificha. Kinyume chake pia hutokea: mtoto mkubwa kwa asili yake huongezewa wiki, na mama huambiwa siku zake zimepita, akaanzishiwa uchungu kabla ya wakati. Akipigwa picha tatu za mwishoni huenda akarudi na tarehe tatu, na mkunga wa zamu usiku akalazimika kuchagua mojawapo. Kanuni ya kitaaluma iko wazi, kwamba tarehe ya picha ya mapema zaidi ndiyo inayoshika. Kanuni hiyo haina msaada pale ambapo ya mapema zaidi ni ya mwezi wa nane.

Kwamba umri wa mimba ni jambo la uhai na kifo, Kenya ina ushahidi wake, kwa kuwa ilishiriki katika majaribio mawili makubwa ya sindano za kukomaza mapafu ya mtoto njiti. La kwanza, lililochapishwa katika Lancet mwaka 2015, lilisambaza sindano hizo katika maeneo ya nchi sita ambako umri wa mimba mara nyingi ulikadiriwa tu. Vifo vya watoto wachanga kwa jumla havikupungua. Viliongezeka, na wengi waliodungwa hawakuwa wamebeba njiti. La pili, la WHO, lilichapishwa mwaka 2020. Lilifanywa hospitalini, katika nchi tano, kwa wajawazito ambao umri wa mimba zao ulithibitishwa kwa altrasaundi, na vifo vya watoto vilipungua. Dawa ilikuwa ya aina ileile, deksamethasoni. Majaribio hayo yalitofautiana kwa mengi, lakini sioni namna ya kuyasoma bila kuweka tarehe sahihi mbele ya mengine yote.

Msomaji makini atanipinga kwa jaribio jingine, na ana haki. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala, ambapo wajawazito wa vijijini walipewa picha mbili, moja kati ya wiki 16 na 22, nyingine kati ya 32 na 36. Vifo vya akina mama na watoto havikupungua, wala idadi ya waliojifungulia hospitalini haikuongezeka. Marekani nayo ilikuwa imepata jibu la aina hiyo mwaka 1993, katika jaribio la wanawake zaidi ya 15,000 wasio na hatari maalumu. Sitajaribu kuyapuuza matokeo haya. Yanasema kweli ambayo wauzaji wa mashine hawapendi isemwe: picha haitibu. Kumjua aliyebeba mapacha hakuna faida ikiwa hospitali anayotumwa haina damu, haina chumba cha upasuaji kilicho wazi, au haifikiki usiku. Ndiyo maana nadai picha moja, si nne. Kifafa cha mimba huanza kuonekana kwa kipimo cha presha na mkojo, upungufu wa damu kwa tone la damu kidoleni. Jaribio lililohusisha Kenya na Tanzania, lililochapishwa mwaka 2023, lilionyesha kwamba karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu inayomtoka mama baada ya kujifungua, ikiambatana na matibabu ya papo hapo, ilipunguza madhara makubwa ya uvujaji damu kwa asilimia 60. Na kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ingawa asilimia 98 ya wajawazito nchini walihudumiwa na mhudumu mwenye ujuzi angalau mara moja, waliofikisha ziara nne walikuwa asilimia 66 tu. Anayetoa nauli na ada ya picha ya pili kwa kukosa ziara ya nne amebadilishana vibaya.

Kuhusu wanaopigwa picha kila ziara kwa kuwa bima inalipa, nitasema machache. Uingereza, nchi yenye uwezo wa kulipia zaidi, huwapa wajawazito wa kawaida mbili. Ujerumani na Ufaransa tatu. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, na hofu kwamba humuunguza mtoto haina msingi. Gharama yake ni taharuki. Kondo lililo chini katika wiki ya 20 mara nyingi hupanda lenyewe mfuko wa uzazi unapotanuka. Kitovu kuzunguka shingo ni jambo la kawaida na kwa kawaida mtoto huzaliwa salama. Vyote viwili, vikiandikwa kwenye karatasi bila maelezo, hutosha kumkosesha mtu usingizi miezi mitatu na kumfanya akubali kisu asichokihitaji. Raha ya kumwona mtoto, ambayo WHO yenyewe imeihesabu miongoni mwa faida, siidharau. Lakini picha moja huitoa.

Basi ipigwe wapi, na nani? Katika kituo kilekile cha kliniki, siku ya ziara ya kwanza. Vifaa vidogo vinavyounganishwa na simu vimeshusha gharama, na muuguzi aliyefunzwa anaweza kupima urefu wa kijusi, kuhesabu kama ni mmoja au mapacha, na kuthibitisha kwamba mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi. Uchunguzi wa kasoro za viungo ni ujuzi mwingine, usichanganywe na huu. Tarehe itakayopatikana iandikwe katika kitabu cha kliniki pamoja na wiki iliyopimwa, na picha yoyote ya baadaye iripoti ukuaji dhidi ya tarehe hiyo, bila kuandika mpya. Kwa anayefika mara ya kwanza akiwa na miezi saba, WHO inaruhusu picha ya kuchelewa kwa ajili ya idadi ya watoto, mkao wao na mahali pa kondo. Apigwe, na aambiwe wazi kile ambacho picha hiyo haiwezi kumjibu. Ripoti yake itaje umri kwa kiwango chake cha kosa, wiki tatu nyuma au mbele, ili mkunga wa Pumwani atakayeisoma saa nane za usiku ajue kiasi cha kuiamini.