Pesa za Mwanafunzi Sachangwan

Sachangwan ni kituo kidogo kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, kati ya Salgaa na Mau Summit, katika nyanda za juu za Molo. Asubuhi za baridi ukungu hushuka hadi kwenye lami, na malori yanayopanda kutoka Salgaa husikika kabla hayajaonekana. Maisha ya hapa yana pande mbili. Upande mmoja ni shamba: viazi, mahindi, minji, karoti, kabeji, pareto, ng'ombe wa maziwa na kondoo. Upande wa pili ni barabara. Mwanafunzi anayetafuta shilingi mbili tatu huanzia kwenye hivyo viwili, na miaka ya karibuni ameongeza cha tatu, simu.

Pesa za ziada katika makala haya ni zile anazozipata mwanafunzi kwa jasho lake huku masomo yakiendelea: za nauli, sabuni, daftari, bando za simu, na mara nyingi kipande cha karo. Neno "ziada" lisituhadae. Katika nyumba nyingi za wakulima wadogo pesa hizo huwa zimeshapangiwa kazi kabla hazijaingia mfukoni. Tena hazipimwi kwa shilingi peke yake. Kazi inayolipa vizuri Jumamosi lakini ikamfanya kijana alale darasani Jumatatu imemkopesha tu, na riba yake itadaiwa kwenye mtihani.

Kalenda ya shule na kalenda ya viazi

Mvua ndefu huanza Machi. Likizo ya Aprili humkuta mwanafunzi wakati wa kupanda na palizi. Viazi aina ya Shangi, ambavyo ndivyo wakulima wengi wa Kenya hupanda, hukomaa kwa muda wa karibu miezi mitatu, kwa hiyo vilivyoingia ardhini Aprili na Mei huwa tayari likizo ya Agosti inapofika. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi sita hadi minane, na kuvunwa kwake huangukia likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Wizara ya Elimu haikupanga mihula kwa ajili ya viazi, lakini mambo yameoana hivyo, na kwa sababu hiyo kibarua cha shambani kimebaki kuwa ajira ya kwanza ya wanafunzi wa eneo hili.

Kuvuna viazi hufanywa hivi. Mchimbaji hutangulia na jembe la meno, akilizamisha pembeni mwa tuta ili asivitoboe viazi, kisha analigeuza tuta lote kwa mkupuo mmoja. Nyuma yake huinama waokotaji na ndoo zao, wakipangusa udongo mweusi kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Vikubwa huenda kwenye gunia, vya wastani hutengwa kwa ajili ya mbegu, vidogo na vilivyokatwa hurudi nyumbani au hupewa ng'ombe. Gunia likijaa hushonwa mdomo kwa sindano ndefu na kamba, likasimamishwa kando ya njia kungoja lori la broka.

Malipo huwa kwa gunia, na hapo ndipo mwanafunzi asiyejua hesabu za shambani hupunjwa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilikataza gunia la kuuzia lizidi kilo 50. Lakini lumbesa, lile gunia linaloongezewa kichwa cha wavu juu ya mdomo wake, halikufa kwa sababu limeandikwa kwenye gazeti la serikali. Anayelipwa kwa gunia akachimbia lumbesa amefanya kazi ya gunia moja na zaidi kwa bei ya gunia moja. Wazoefu huuliza mapema, kwa adabu, kabla ya kushika jembe: "Mama, tunajaza kilo hamsini au lumbesa?" Jibu likiwa lumbesa, bei nayo hupanda, au kijana anahamia shamba la jirani.

Kibarua kina ubora mmoja: hakihitaji mtaji. Kasoro yake ni kwamba siku ukikosa kwenda hakuna kinachoingia. Ndiyo maana wenye mawazo ya mbali huomba wazazi wao kipande kidogo cha ardhi, hata kama ni kile kinachobaki nyuma ya zizi, wakafanya kitalu cha miche. Miche ya kabeji na sukuma wiki huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki nne hadi sita. Pakiti moja ya mbegu hutoa mamia ya miche, mbolea ni samadi ya nyumbani, na kumwagilia ni kazi ya dakika chache kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Ujanja wote uko kwenye tarehe: miche iwe tayari mvua zinapoanza, wakati kila jirani anaitaka. Ikichelewa wiki mbili huwa ni majani tu. Kwangu mimi, kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa, hakuna shughuli ya shambani inayoupita huu mpango kwa faida ikilinganishwa na saa zinazotumika.

Pareto inastahili aya yake. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hili, maua meupe yanayotoa dawa ya kuulia wadudu, na makao ya Bodi ya Pareto yalikuwa Nakuru. Maua huchumwa kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko kila wiki mbili hivi, na kwa vizazi kadhaa vidole vilivyoyachuma vilikuwa vya wanawake na watoto wa shule. Karibu kilo nne za maua mabichi hutoa kilo moja iliyokauka, na mnunuzi anataka yaliyokauka. Zao liliporomoka, na sababu moja kubwa ilikuwa malipo: wakulima walipeleka maua, wakangoja pesa miezi na miaka, mwisho wakang'oa. Sheria ya mwaka 2013 iliwafungulia mlango wanunuzi binafsi, na mashamba yameanza tena kuota meupe. Kazi ya kuchuma inamfaa mwanafunzi kwa kuwa ni nyepesi na inaangukia Jumamosi vizuri. Ila nani analipa, na lini, ni swali la kuulizwa kabla ya kuchuma ua la kwanza.

Kufuga

Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifundisha watoto wa shule za msingi kulima na kufuga tangu zamani, vikafifia, kisha serikali ikavizindua upya mwaka 2021. Mnyama wa kuanzia huwa sungura au kuku. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi na chakula chake ni magugu ya palizi. Tatizo ni kwamba sungura huongezeka upesi kuliko walaji wake. Wengi wameishia na vizimba vilivyojaa na soko la watu watatu. Kuku wa kienyeji ni mwepesi wa kuuza. Mayai huanguliwa kwa siku 21, na mtetea huanza kutaga anapokaribia miezi sita, yaani mihula miwili ya subira. Mayai ya kuku wanne watano hayajengi nyumba, lakini yananunua kalamu bila kumwomba mtu.

Barabara

Barabara huvuta kwa sababu pesa yake ni ya papo hapo. Msafiri wa Eldoret au Kisumu hushusha kioo, ananunua ndoo ya viazi, fungu la karoti au hindi la kuchoma, na noti inabadilisha mikono. Mwanafunzi anayesimamia kibanda cha mama yake jioni na wikendi amejifunza biashara zaidi ya anayeisoma kitabuni: kupanga vikubwa juu bila kudanganya, kujua ni basi lipi husimama, kukumbuka chenji.

Lakini mteremko wa kutoka Mau Summit hadi Salgaa ni mrefu, malori ni mazito, na breki hushindwa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka hapa Sachangwan. Watu walikuja na mitungi, ndoo na sufuria kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka katikati yao. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengi ambao hawakuweza kutambuliwa walizikwa katika kaburi la pamoja. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo watoto wa shule wako nyumbani. Wapo waliowaita marehemu wale wezi wa mafuta. Hukumu hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kuishi mahali ambapo lita tano za petroli ni ujira wa siku kadhaa. Hata hivyo, funzo lake kwa anayeuza kando ya lami halina utata: kibanda kikae mbali na barabara, wateja waje kwake, asikimbilie magari, na lori likianguka akimbie upande wa pili.

Salgaa yenyewe, kituo cha malori kilicho chini ya mteremko, ina vibarua vya kuosha magari na kuhudumu hotelini usiku. Sivipendekezi kwa mwanafunzi yeyote, na kwa msichana wa sekondari hata kidogo.

Chuo na simu

Waliomaliza kidato cha nne wana kipindi cha pekee. Mtihani wa KCSE huisha Novemba, na vyuo vikuu kwa kawaida hupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba. Katikati kuna miezi tisa hivi ambayo haina kengele ya shule. Anayeitumia kujifunza ufundi wa mkono, kunyoa, kusuka, kushona, kutengeneza simu, huingia chuoni na ajira yake kwenye begi.

Chuo kikuu kilicho karibu ni Egerton, pale Njoro, kilichoanzishwa na Maurice Egerton mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kama ilivyo katika chuo chochote cha Kenya, mabweni ni soko. Mmoja anasuka nywele Jumapili mchana, mwingine anakaanga chapati, wa tatu anauza mitumba aliyoichagua Nakuru alfajiri, wa nne anachapa na kutoa nakala. Mtaji wa wengi hutoka kwenye mkopo wa HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa mwaka 1995. Mkopo huo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na hakuna mfanyabiashara wa Molo anayepata pesa kwa bei hiyo. Lakini ni deni. Kuweka sehemu yake kwenye bale la nguo kunaeleweka; kuuweka kwenye kubeti ni kumlipa tajiri ada ya kukuvua nguo.

Simu ilianza kuwa chombo cha pesa M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007. Tangu 2016 serikali ina mpango wa Ajira Digital, unaofundisha vijana kazi za mtandaoni kama kunukuu sauti, kuingiza data na kutafsiri. Kando yake kulichipuka biashara nyingine isiyotajwa kwa fahari: kuandika insha za wanafunzi wa Ulaya na Marekani, kazi iliyowalipa maelfu ya vijana wa Kenya. Wengine walilipia karo zao zote kwa njia hiyo. Mwaka 2022 Uingereza ilifanya kuwa jinai kuuza insha hizo kwa wanafunzi wake, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja ChatGPT, ambayo huandika bila kulipwa. Soko likapungua ghafla. Mimi siisikitikii biashara hiyo, ingawa nawasikitikia walioitegemea, kwani walikuwa waandishi hodari waliolipwa ili wengine wapate shahada.

Kanuni moja inatosha kwa kazi za mtandaoni: mwajiri wa kweli hukulipa, hakuombi umlipe kwanza. Ada ya usajili, ada ya "kufungua akaunti", ada ya mafunzo ya lazima, zote ni za matapeli.

Sheria na malipo

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Kati ya 13 na 16 inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kuvuruga masomo. Kubeba gunia la viazi mgongoni si kazi nyepesi kwa mtoto wa gredi ya nane, hata baba yake akisema yeye alibeba. Kuhusu kodi, mwajiriwa mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi halipi kodi ya mapato, na ni wanafunzi wachache wanaofika hapo.

Sheria ya Ajira inataka kibarua alipwe siku inapoisha, lakini haijamaliza tatizo linalolalamikiwa zaidi, nalo ni kucheleweshewa ujira. "Rudi kesho" ni neno dogo kwa mwenye shamba. Kwa mtu mzima kurudi kesho ni usumbufu. Kwa mwanafunzi kesho hiyo huishia kuwa Jumatatu, na anayefuata deni siku hiyo amekosa hesabu na Kiswahili vya asubuhi, pengine kwa shilingi mia tatu. Wengi huacha deni likapotea, na wenye mashamba wanalijua hilo. Pareto iling'olewa kwa kosa hilohilo.

Kwa hiyo wewe unayemwita kijana wa shule aje akuchimbie viazi Jumamosi, mlipe Jumamosi hiyohiyo, kabla hajaosha miguu.