Jua, Ndege na Kiduha: Historia ya Mbegu za Mtama na Mahindi Zinazostahimili Ukame Usukumani

Mvua za Shinyanga huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei. Katikati yake, mara nyingi Januari kuelekea Februari, hukatika kwa wiki mbili au tatu huku jua likiwaka kama la Septemba. Kiasi cha mvua cha mwaka mzima si kidogo kama sifa ya mkoa inavyodai. Kwa kawaida ni kati ya milimita 600 na 900, na kingetosha nafaka yoyote kama kingegawanyika vizuri. Kinachoua shamba ni zile wiki za katikati, hasa zikiangukia siku mazao yanapotoa maua. Historia ya mbegu zinazostahimili ukame katika nyanda hizi ni historia ya kutafuta mmea unaoweza kuvuka wiki hizo.

Ushetu iko upande wa magharibi wa mkoa, ndani ya Kahama ya zamani, ambayo mwaka 2012 iligawanywa kuwa Mji wa Kahama, Msalala na Ushetu. Mvua zake ni nafuu kuliko za Kishapu, mashariki mwa mkoa, na ndiyo maana mkulima wake, awe Msumbwa, Mnyamwezi au Msukuma, leo hutajwa zaidi kwa mahindi, mpunga, tumbaku na pamba. Lakini mahindi na mpunga vilikuja baadaye. Nafaka za kale za nchi yote hii ni mtama, uwele na ulezi, mazao yaliyotokana na mimea ya mwituni ya Afrika yenyewe na kuzoea jua lake kwa maelfu ya miaka kabla mtafiti hajafika na daftari.

Wakulima walikuwa na elimu yao. Lugha ya Kisukuma ina majina ya udongo ambayo wataalamu waliyachukua kama yalivyo: luseni na isanga kwa mchanga wa juu mlimani, ibushi kwa udongo wenye chokaa, itogolo kwa ardhi ngumu isiyopitisha maji, na mbuga kwa udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kutoka kilele hadi bonde kama pete za mnyororo, na Usukuma ukawa mfano mashuhuri wa nadharia hiyo. Kwa mzalishaji wa mbegu, maana yake ni nzito. Ukame wa juu mlimani si ukame wa bondeni, hata kama mvua ni ileile. Uwele hupona kwenye mchanga ambako mtama umeshakunja majani, na mtama hupona kwenye udongo mzito ambako uwele ungeoza mizizi.

Kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianza katika miaka ya 1930 kwa ajili ya pamba. Serikali ya kikoloni ilitaka zao la kuuza nje, na chakula kilishughulikiwa zaidi kwa sheria ndogo zilizomlazimisha kila mwenye kaya kupanda zao la akiba ya njaa, kama muhogo. Utafiti wa mtama ulipata uzito baada ya Vita Kuu ya Pili, na jina linaloongoza hapo ni la Hugh Doggett, Mwingereza aliyeuchambua mtama wa Usukuma akiwa Ukiriguru kabla ya kuhamia Serere, mashariki mwa Uganda, kwenye kitengo cha mtama na uwele cha shirika la utafiti la Afrika Mashariki. Kitabu chake kuhusu mtama, kilichotoka mwaka 1970, kilisomwa na kizazi kizima cha wazalishaji wa mbegu.

Kazi yenyewe ni ya mikono na subira. Suke la mtama huchanua kutoka ncha kushuka chini, kwa muda unaokaribia wiki moja. Kila ua dogo lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, hivyo mmea hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa. Anayetaka kuchanganya mbegu mbili hana budi kuliwahi suke moja kabla halijafunguka, apunguze maua yake hadi yabaki machache, kisha atumie kibano au sindano kung'oa vifuko vya chavua, kimoja kimoja, bila kuvipasua. Suke hufunikwa kwa mfuko wa karatasi. Baada ya siku mbili au tatu chavua ya mmea mwingine hukung'utiwa humo asubuhi, mfuko hurudishwa, na kibandiko huandikwa. Jasho lote hilo hutoa punje chache tu, na kutoka kwenye punje hizo hadi kwenye mbegu ya kugawiwa wakulima ni misimu minane au kumi ya kuchagua na kutupa.

Huko Serere ndiko ilikozaliwa Serena, iliyotokana na kuchanganya mtama mmoja wa Swaziland na mwingine wa Afrika Mashariki ulioitwa Dobbs. Serena hukomaa mapema, huvumilia jua, na ina punje za kahawia zenye ukakasi. Ukakasi huo haukuwa bahati mbaya, kwani ulitafutwa kwa makusudi. Kwelea kwelea huja kwa makundi yanayofunika anga, na kila ndege hula takriban gramu 10 za punje kwa siku. Kundi la milioni moja huondoka na tani 10 kati ya asubuhi na jioni. Doggett aliandika mwaka 1957 juu ya mtama unaokwepwa na ndege, akionyesha faida ya tanini, ileile inayoukausha ulimi wa anayetafuna ndizi mbichi. Punje ikiwa bado laini, ndege huionja na kuiacha.

Tatizo ni kwamba mlaji naye ana ulimi. Ugali wa mtama wa kahawia ni mwekundu na mchungu, na tanini huzuia mwili kufaidi protini ya nafaka. Kina mama walijua dawa yake, ya kukoboa kwenye kinu mpaka ganda liishe, na katika baadhi ya sehemu za maziwa makuu kuloweka punje kwa majivu. Baadaye watafiti walipima magadi, ambayo hutenda kama majivu, na kukuta kwamba kweli hupunguza tanini. Lakini saa za kwenye kinu ni kazi juu ya kazi. Kwa hiyo mkulima alipewa uchaguzi mgumu. Mtama mweupe, mtamu, humlisha ndege kwanza, na mtama mchungu humchosha mpishi. Hapa ndipo mahindi yalipopenya. Gunzi limefungwa ndani ya maganda, kwelea haligusi, na ugali wake ni mweupe.

Zamani watoto walikaa juu ya dungu shambani wakiamia ndege kwa kombeo na kelele, kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, kwa wiki zote za kukomaa kwa punje. Elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa katika miaka ya 1970, watoto walikwenda darasani, na dungu likabaki bila mlinzi. Mpango wa taifa wa mahindi wa katikati ya muongo huo ulileta mbolea na mbegu. Kwa upande mwingine, njaa ya 1973 na 1974 ilizaa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, iliyohimiza mtama na muhogo, na serikali ikapandisha bei ya mazao hayo. Matokeo yangekuwa ya kuchekesha kama yasingekuwa ya kusikitisha, kwani mtama uliojaa maghalani ulikosa wanunuzi mijini.

Wazalishaji wa mahindi nao waliukabili ukame kwa njia yao. Katumani, mbegu ya Machakos nchini Kenya, iliushinda kwa kuukimbia, maana hukomaa kabla mvua haijakatika. Ukiriguru ilitoa mbegu mchanganyiko ya UCA, na Ilonga, kituo cha Kilosa, kikatoa Kito mwaka 1983, iliyovunwa baada ya takriban siku 90. Mbegu ya kuwahi ina gharama yake, kwa sababu msimu ukiwa mzuri mkulima huvuna kidogo. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano huko Mexico, waligundua njia nyingine. Ukame unapopiga, mbelewele hutoka kwa wakati wake lakini ndevu za gunzi huchelewa, chavua inakwisha kabla hazijajitokeza, na gunzi linabaki na mapengo. Kwa kuchagua mimea ambayo ndevu zake haziachwi nyuma na mbelewele, walipata mahindi yanayobeba punje hata jua likiwaka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na mbegu zake na upungufu wake. Katika miaka ya 1980 mtama na uwele vilipata mlezi mpya, mpango wa pamoja wa SADCC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, uliokuwa na makao Matopos, Zimbabwe. Kwa ushirikiano huo Tanzania ilipata uwele wa Okoa na Shibe mwaka 1994, mtama wa Pato katika muongo huohuo, na Macia mwaka 1999, ikiongezeka kwenye Tegemeo iliyotangulia. Macia ni mfupi, mweupe, mtamu, na hukomaa mapema. Yaani, watafiti walirudi kwenye ugali na kumwachia mkulima apambane mwenyewe na ndege.

Adui wa tatu yuko chini ya ardhi. Kiduha ni gugu linalojipachika kwenye mizizi ya mtama au mahindi na kunyonya, na kwa kuwa shamba lililoshambuliwa hunyauka mchana, wengi hudhani ni ukame. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, ambazo hulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri kemikali inayotolewa na mizizi ya nafaka. Gebisa Ejeta, Mwethiopia wa Chuo Kikuu cha Purdue, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametoa mtama chotara wa Hageen Dura-1 huko Sudan, alizalisha mitama ambayo mizizi yake haitoi ishara ya kuiamsha mbegu hiyo. Miwili kati ya hiyo ilijaribiwa Tanzania na timu ya A. M. Mbwaga wa Ilonga, na mwaka 2002 ikatolewa kwa majina ya Hakika na Wahi. Ejeta alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009.

Njia ya uhandisi jeni ilifika pia. Mradi wa WEMA, ulioanza mwaka 2008 ukiratibiwa na AATF, taasisi ya teknolojia ya kilimo ya Nairobi, uliweka jeni ya bakteria ndani ya mahindi ili yavumilie ukame. Jaribio la kwanza la Tanzania lilipandwa Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016, ndani ya uzio. Novemba 2018 serikali iliamuru lisimamishwe. Mahindi chotara ya mradi huohuo, yaliyozalishwa kwa njia ya kawaida, yaliendelea kusajiliwa na kuuzwa.

Katika Ushetu, bonde la mbuga ambalo zamani lingebeba mtama sasa lina majaluba ya mpunga, na soko la Kahama, lililokuzwa na migodi ya dhahabu, hununua mchele na mahindi kwa urahisi kuliko mtama. Kampuni za mbegu nazo hupendelea mahindi chotara, kwa sababu mkulima wake hurudi dukani kila msimu. Mtama hujichavusha wenyewe, kwa hiyo aliyepata kilo chache za Macia au Hakika anaweza kuchagua masuke mazuri, kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse, na kuyapanda tena Novemba.